Betri mbili za raketi ya mbu na volti elfu moja na mia sita: umeme mkubwa unatoka wapi?

Magharibi ikiingia na mbu wakianza kulia, raketi ya umeme hutoka ndani ya nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Mbu akigusa wavu wake husikika mlio wa cheche, na mara nyingi hapo barazani huzuka ubishi. Mmoja atasema kwamba kifaa kile kina umeme mwingi kuliko ule wa ukutani. Wa pili atajibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa ndani yake mna betri ndogo za tochi tu. Wa tatu, ambaye ameona video kwenye simu, atadai kwamba mtu akiunganisha koili na transista anaweza kutoa umeme wa kuwasha nyumba nzima kwa betri ya redio. Kila mmoja kati yao ameshika kipande kidogo cha ukweli. Vijana wanaojifunza ufundi wa elektroniki huniuliza jambo hili karibu kila mwezi, na wengine hufika wakiwa tayari wamerushwa na umeme. Ndiyo maana naona inafaa kulieleza kwa utaratibu, kuanzia mwanzo.

Tuanze na maneno yenyewe. Volteji ni msukumo wa umeme, na kipimo chake ni volti. Mkondo ni wingi wa umeme unaopita katika waya kwa kila sekunde, na kipimo chake ni ampia. Wati ni kasi ya kufanya kazi, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampia. Wafikirie vibarua wanaopandisha mchanga kwenye jengo la ghorofa. Kubeba kilo 100 kwa kimo cha ngazi moja ni kazi ileile ya kubeba kilo 1 kwa ngazi 100. Kimo ni mfano wa volti, uzito wa mzigo ni mfano wa umeme wenyewe, na jasho la kibarua halibadiliki.

Mfano huo peke yake unatosha kumjibu yule wa tatu. Betri mbili za tochi hutoa volti 3. Zikitoa nusu ampia, nguvu yake ni wati 1.5. Saketi ndogo ya kupandisha volteji hupoteza sehemu ya nguvu hiyo kwa joto, kwa hiyo tuseme zinabaki wati 0.9. Wati hizo zikitoka kwa volti 1,600, mkondo utakuwa karibu nusu ya miliampia, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya ampia. Volti zimeongezeka zaidi ya mara mia tano, na ampia zimepungua zaidi ya hapo. Hakuna umeme uliozaliwa ndani ya kifaa, bali mzigo umegawanywa vipande vidogo na kila kipande kimepandishwa juu sana. Ile taa ya tubu inayoonekana kwenye video ikiwaka kwa betri iliyokwisha nayo haitoi nguvu ya ziada. Inahitaji volteji kubwa ili ianze kuwaka, kisha hutoa mwanga hafifu kwa wati chache zilizosalia.

Visiwa vyetu vyenyewe vinaishi kwa kanuni hii. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Fumba kutoka Tanzania Bara unafanya kazi kwa volti 132,000, na ule wa mwaka 2013 uliwekwa kwa uwezo wa megawati 100. Nguvu hiyo ikipitishwa kwa volteji hiyo, kila waya mmoja kati ya mitatu hubeba takriban ampia 440. Kama ingepitishwa kwa volteji tunayoitumia majumbani, kila waya ungelazimika kubeba zaidi ya ampia 140,000, na hakuna waya wa kawaida ambao ungevumilia joto lake. Volteji hupandishwa ili mkondo upungue, kisha hushushwa karibu na mtumiaji. Raketi ya mbu hufanya ile nusu ya kwanza ya kazi hiyo, katika sanduku linaloingia kwenye kiganja.

Swali linalofuata ni namna volti 3 zinavyopanda. Jibu ambalo wengi hulitoa ni transfoma, na wamepatia, lakini hapo pana kikwazo. Transfoma ni koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini kimoja. Koili ya kwanza hutengeneza usumaku, na usumaku huo unapobadilika huzalisha umeme katika koili ya pili. Neno la kushikilia hapa ni "unapobadilika". Mwaka 1831 huko London, Michael Faraday aliona kwamba sindano ya kipimo alichokifunga kwenye koili ya pili ilicheza pale tu alipounganisha betri na koili ya kwanza na pale alipoiondoa. Katikati ya nyakati hizo ilitulia, ingawa umeme ulikuwa ukiendelea kupita. Betri hutoa umeme tulivu usiobadilika, kwa hiyo betri iliyofungwa moja kwa moja kwenye transfoma itapasha waya moto na kujimaliza bila kutoa chochote upande wa pili.

Kwa sababu hiyo umeme wa betri lazima ukatwe na kurudishwa, ukatwe tena na kurudishwa, maelfu ya mara kwa sekunde. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa kwa kipande cha chuma kilichotetemeka kama cha kengele ya mlango, na Nicholas Callan, padri na mwalimu wa Maynooth nchini Ireland, alitengeneza koili ya awali ya kupandisha volteji kwa kukatakata umeme mwaka 1836. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na transista, ambayo hapa tunaitumia kama swichi isiyo na sehemu inayocheza. Katika raketi, transfoma ina koili ya tatu, ndogo sana, ambayo kazi yake ni kuiarifu transista. Mkondo unapopanda, koili hiyo huiambia transista izidi kufunguka. Mkondo unapofikia kikomo chake, ishara hugeuka na transista hufunga ghafla. Kisha mambo huanza upya. Sikio halisikii zaidi ya mvumo mwembamba, na katika saketi nyingi hata mvumo huo haupo.

Nataka nikae kidogo kwenye lile tendo la kufunga ghafla, kwa sababu ndiko siri kubwa iliko na ndiko maelezo mengi yanakopita mbio. Transfoma ya raketi huwa na mizunguko kama 20 upande wa betri, na zaidi ya elfu moja upande wa pili. Tuseme ni 1,400. Uwiano wake ni mara 70, na volti 3 mara 70 ni 210. Hata hivyo ukipima utakuta kilele cha volti 400 au zaidi. Je, zilizozidi zimetoka wapi? Kumbuka nyumba yenye maji ya nguvu, mtu anapoufunga mfereji kwa ghafla na bomba likagonga ukutani. Maji yaliyokuwa yakienda kwa kasi hayana subira; yakizibiwa njia husukuma kwa nguvu kubwa kuliko ile ya tangi yalikotoka. Mkondo ndani ya koili una tabia hiyohiyo. Wakati transista iko wazi, nishati hujikusanya katika usumaku wa kiini. Transista inapofunga, nishati hiyo hulazimika kutoka kwa muda mfupi mno, na hutoka kwa msukumo ambao hautegemei tena volti 3 za betri, bali unategemea kiasi kilichokusanywa na wepesi wa kufunga. Transista dhaifu huungua hapo hapo, na mafundi wengi wanaodhani wameuziwa transista mbovu kwa kweli wameiua kwa pigo hilo.

Kutoka volti 400 hadi 1,600 tunaingia katika sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hapa zinahitajika dayodi na kapasita. Dayodi ni njia ya umeme ya upande mmoja. Mvuvi yeyote anaufahamu mdomo wa dema: samaki huingia kwa urahisi, lakini akitaka kurudi haioni njia. Kapasita nayo ni chombo cha kuhifadhia chaji ya umeme. Ziunganishe kwa zamu, kapasita na dayodi, kapasita na dayodi, utapata kile ambacho mafundi hukiita kizidishi.

Turudi kwa wale vibarua. Siku ya kumwaga zege, watu hujipanga kwenye ngazi na karai hupita mkono kwa mkono. Anayeinama hupokea, anayeinuka hukabidhi, na karai lenye zege halirudi chini. Katika kizidishi, umeme wa transfoma hupanda na kushuka. Unaposhuka, kapasita za upande mmoja hupokea, na unapopanda hukabidhi kwa za upande wa pili, huku dayodi zikizuia chaji isirudi nyuma. Dayodi nne na kapasita nne zikilishwa na kilele cha volti 400 zitatoa karibu volti 1,600, na hakuna kapasita hata moja miongoni mwao itakayobeba zaidi ya volti 800. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloufanya mpango huu uwe na thamani kwa fundi mwenye fedha ndogo, kwa kuwa dayodi ya kawaida kabisa inayouzwa kwa jina la 1N4007, ambayo inavumilia volti 1,000, inatosha. John Cockcroft na Ernest Walton walitumia kizidishi cha aina hii huko Cambridge mwaka 1932, wakapata volti laki kadhaa na kupasua kiini cha atomu ya lithiamu, na mwaka 1951 walipewa Tuzo ya Nobel. Wazo lenyewe lilikuwa limetangulia kufikiriwa na Heinrich Greinacher wa Uswisi. Udhaifu wake ni kwamba kadiri mstari wa vibarua unavyorefuka, ndivyo zege linavyomwagika njiani. Ukiongeza ngazi nyingi na ukajaribu kuvuta mkondo, volteji ya juu huporomoka.

Sasa tuje kwenye hatari, maana hapa imani potofu zinaweza kuua. Wapo wanaosema kwamba volti ndizo zinazoua, na wapo wanaowasahihisha kwa kusema kwamba ni ampia tu. Kauli zote mbili hazijakamilika. Volti ndizo zinazozisukuma ampia zipite mwilini, na ampia ndizo zinazouvuruga moyo, lakini muda nao una sehemu yake. Mkondo wa miliampia 1 husikika kama mchomo mdogo. Ukipita miliampia 10, misuli ya mkono inaweza kukaza hata mtu akashindwa kuachia waya. Ukizidi hapo mara kadhaa na kupita kifuani, moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Swichi za usalama za majumbani hupangwa kukata umeme kwenye miliampia 30 kwa sababu hiyo. Umeme wa ukutani wenye volti 230 ni hatari kuliko raketi yenye volti 1,600, kwa kuwa nyuma ya ule wa ukutani kuna mtambo usiochoka, wakati nyuma ya raketi kuna nusu miliampia na akiba ndogo iliyomo kwenye kapasita.

Akiba hiyo ndiyo kila mwanafunzi anapaswa kuihesabu kabla ya kushika kitu chochote. Hupimwa kwa jouli, na jouli 1 ni karibu kazi ya kunyanyua limau lenye gramu 100 kwa kimo cha mita moja. Ili kuipata, zidisha volteji kwa yenyewe, kisha zidisha kwa ukubwa wa kapasita, halafu gawa kwa mbili. Ukubwa wa kapasita hupimwa kwa faradi, na nanofaradi ni sehemu moja ya bilioni ya faradi. Kapasita ya nanofaradi 10 kwenye volti 800 huhifadhi jouli 0.0032, na nne kwa pamoja hazifiki jouli 0.013. Zitakushtua na kukufanya uurushe mkono, basi. Linganisha na taa ya kamera ya zamani ya filamu, ambayo vijana hupenda kuifungua wakidhani ni kitu cha kuchezea kwa kuwa nayo hutumia betri mbili za tochi. Kapasita yake inaweza kuwa ya maikrofaradi 100 (maikrofaradi moja ni nanofaradi elfu moja) kwenye volti 300. Volti ni chache kuliko za raketi, lakini akiba yake ni jouli 4.5, zaidi ya mara mia tatu. Huchoma ngozi, na huweza kubaki na chaji siku nyingi baada ya betri kuondolewa. Kwa hiyo anayesema kwamba betri ndogo haiwezi kumdhuru mtu amesahau kwamba betri inaweza kujaza chombo kikubwa polepole, na chombo hicho kikamwagika kwa mara moja.

Kuna kifaa kimoja ambacho naomba kisiguswe na anayejifunza, nacho ni transfoma ya tanuri la maikrowevu. Hutoa karibu volti 2,000, na msomaji wa haraka anaweza kudhani ni ndugu wa raketi. Si ndugu yake. Hulishwa na umeme wa ukutani na huweza kutoa mamia ya miliampia mfululizo. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali wakikitumia kuchora michoro ya kuunguza juu ya mbao kwa kufuata video. Televisheni za kizamani zenye kioo kinene nazo huhifadhi volti elfu nyingi kwenye kioo hata zikiwa zimezimwa.

Jambo jingine linalopotosha ni tangazo. Kwenye mitandao huuzwa vijisanduku vidogo vya betri vilivyoandikwa volti 400,000. Hewa yenyewe inatupa njia ya kuhakiki dai hilo. Kati ya vyuma viwili bapa, hewa huvunjika na kuruhusu cheche kwenye takriban volti 3,000 kwa kila milimita, na kwenye ncha kali huvunjika mapema zaidi. Volti 400,000 zingeruka sentimita 13 au zaidi. Ukikiona kijisanduku hicho kikitoa cheche ya sentimita 2, jua kwamba volteji yake haizidi 60,000, na kwa ncha kali ni pungufu ya hapo. Urefu wa cheche nao haukuambii chochote kuhusu ampia, kwa hiyo cheche ndefu yenye kelele inaweza kuwa na madhara machache kuliko cheche fupi nene ya taa ya kamera.

Kwa anayetaka kujenga kifaa cha kujifunzia, ushauri wangu ni kuanza na raketi iliyokufa. Mara nyingi kinachokufa ni betri yake ya kuchaji au waya wa swichi, huku transfoma ikiwa nzima. Weka betri mbili za tochi, usiweke betri ya pikipiki, kwa sababu mkondo wa betri ya pikipiki hauna kikomo cha maana na utaunguza transista kabla hujafahamu kosa lako liko wapi. Kapasita za kizidishi ziwe za nanofaradi chache na za volti 1,000 au zaidi. Weka vipingamizi, yaani vifaa vya kuuzuia mkondo usipite kwa wingi, vyenye jumla ya megaomu 10 (omu milioni 10; omu ni kipimo cha ukinzani huo) kati ya waya mbili za kutolea, ili chaji ijimalize yenyewe kifaa kinapozimwa. Fanya kazi kwa mkono mmoja pale inapowezekana, na wa pili uwe mbali na meza, ili njia ya umeme isipite kifuani. Anayetumia kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie kabisa. Cheche zisitolewe palipo na mtungi wa gesi, wala kwenye banda linalohifadhi petroli ya mashine za boti.

Hewa yetu ya pwani nayo ni adui wa saketi hizi, na vitabu vilivyoandikwa kwa nchi kavu havilitaji jambo hilo. Unyevu na chumvi ya bahari hufanya utando mwembamba juu ya bodi, na kwenye volti 1,600 utando huo ni njia ya kutosha kuumeza mkondo wote wa nusu miliampia. Saketi iliyofanya kazi vizuri mchana wa jua inaweza kukataa kutoa cheche usiku wa masika. Osha bodi kwa spiriti, iache ikauke kabisa, kisha ipake nta iliyoyeyushwa au matabaka mawili ya rangi ya kucha isiyo na rangi. Pia acha nafasi ya milimita kadhaa kati ya sehemu ya kuingilia na sehemu ya kutolea.

Limebaki la kupima. Mita ya kawaida huandikwa mwisho wake kuwa volti 600 au 1,000, na ukiigusisha moja kwa moja kwenye volti 1,600 utaiharibu. Chukua vipingamizi tisa vya megaomu 10 na uvifunge kimoja baada ya kingine kwenye waya wa mita. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa megaomu 10 ndani yake, kwa hiyo jumla inakuwa megaomu 100 na mita inaona sehemu moja ya kumi tu. Kila kipingamizi hubeba chini ya volti 200, jambo ambalo hata vile vidogo vya robo wati hulimudu. Jioni moja tuliipima raketi iliyokuwa imezusha ubishi barazani kwetu. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, mita ilionesha 162, yaani volti 1,620. Tulipokiachia, tarakimu zilishuka hadi karibu na sifuri kabla sijahesabu mpaka tano, kwa sababu kipingamizi chake cha kumaliza chaji kilikuwa bado kizima. Raketi ya pili, iliyoletwa na jirani, ilionesha 140, na ilipoachiwa ilishuka polepole zaidi ya ile ya kwanza. Tulipoifungua tukakuta kipingamizi hicho kimekatika mguu mmoja, tukakilehemu upya kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe, kwani nyumbani kwake mna watoto.